Nyuma Yako

Uwanja wetu wa Sondu ulikuwa na mashimo kumi na saba,
palipochomekwa vigingi vya mahema ya askari
mwaka ule barabara ilipofungwa kwa mawe na matairi.
Kumi na sita tuliyajaza kokoto na udongo,
tukayashindilia kwa visigino.
Moja nilikataa lisiguswe.
Liko hatua tatu mbele ya lango langu:
nikilihisi chini ya wayo
najua milingoti iko wapi bila kugeuza shingo.

Mimi ni Akeyo. Glavu zangu
ni za fundi wa kuchomelea mageti,
zinanuka chuma hata zikifuliwa.
Beki wangu wa kushoto ni Tapsubei.
Kwao ni ng'ambo ya soko, upande wa michai.
Nyumba yao iliungua usiku wa Jumanne.
Kaka yangu Odek alirudishwa Jumatano
juu ya mkokoteni wa maji,
mshale bado mgongoni,
manyoya yake yakitikisika
kila gurudumu lilipopanda jiwe.

Hayo hatujawahi kuyazungumza.
Anajua najua.
Tunakunywa maji kwenye dumu moja.

Mama aliniuliza akichambua omena, macho chini:
"Na huyo naye yuko?"
Nikasema yuko.
Akachambua, akachambua,
hata pasiwe na cha kuchambua.
Jumamosi iliyofuata alinifungia ndizi nne.
Siku zote hunipa mbili.

Mwalimu Rispa, mwenye goti la bandeji,
hatufundishi kupendana.
"Mapenzi mtayakuta mbele ya safari.
Hapa toa mpira, hama. Toa, hama."
Wiki ya kwanza tulicheza kimya kama tuko matangani,
maana msichana wa huku hufunzwa kupaza sauti
maziwa yakifurika, mtoto akiangukia moto,
si kwa ajili yake mwenyewe.
"Iteni! Mpira haujui kusoma mioyo!"
Tukaita. Kwanza kwa aibu, kama tunaofukuza kuku wa jirani.
Kisha mbwa wa soko wakaanza kutujibu.

Chifu alipoandika barua
kwamba mikutano ya amani itafanyika uwanjani kila Alhamisi,
Chepkirui, nahodha wetu,
alisimama barazani na kaptura chini ya sketi:
"Tunaomba amani ihamie kanisani.
Alhamisi tuna mazoezi."
Wazee walicheka. Yeye hakucheka.
Amani ikahamia.
Ami yake alikuwa ameshaanza kuhesabu ng'ombe wa mahari;
Chepkirui akamwambia ligi haijaisha.
Ligi yetu, Mungu shahidi, ina raundi nyingi.

Mechi na Nyabondo, mvua ya mawe imetoka kupita,
mpira mzito kama kiazi kibichi.
Nimetoka langoni kuufuata,
macho yote kwake,
na sauti ikanijia kutoka kushoto:
"Nyuma yako!"

Odek hakuitwa na mtu usiku ule.
Labda kulikuwa na aliyeona.
Labda alikuwa na umri wetu,
amechutama kwenye michai,
kiganja mdomoni.
Sijui. Sitauliza.

Niligeuka, nikautoa kwa ncha za vidole, nikala tope.
Kona.
Kwa kona hiyohiyo wakatufunga.
Tulipoteza, mawili kwa moja,
na Mwalimu akatulaza mapema kwa maneno makali.

Lakini jioni ile, pale njia panda ya soko
tunapoachana bila kuagana,
yeye akipanda, mimi nikishuka,
pikipiki isiyo na taa ilitokea kilimani
imebeba magunia ya mahindi, breki zinalia.
Nikaita kama nilivyofunzwa, kutoka tumboni:
"Tapsu! Nyuma yako!"

Hakugeuka kutazama ni nani,
wala ni nini.
Aliruka tu.